Mitalawanda

Njia ya Mwakirunge, ukishapita geti la machimbo,
taa za Bamburi hubaki nyuma kama deni.
Mivinje huanza hapo, kulia na kushoto,
na hunong'ona hata pasipo upepo.

Chengo wa bodaboda hapiti baada ya isha.
"Kuna mwanamke," asema, "amejitanda hadi machoni.
Hukuita kwa jina lako.
Akipanda, pikipiki haizidi uzito.
Tazama chini: kwato.
Kwa, kwa, kwa, kama punda wa mkokoteni."
Mwenzake aliiacha pikipiki mtaroni ikinguruma,
akaingia msikitini na kiatu kimoja.

Hadithi imeshazaa.
Wengine wamempa harufu ya udi, wengine mtoto mgongoni,
kijana wa M-Pesa amempa hata kabila.
Mimi nageuza viazi karaini, nasikiliza.

Kwato hizo nazijua.
Zilikaa uvunguni mwa kitanda chetu,
mitalawanda ya mfenesi, msuruaki umelainika
kwa kidole cha nyanya yangu, Bi Mwanatumu.
Aliivaa kwa kuogopa nge.
Mlango ukibishwa usiku, mke wa fulani kashikwa,
hufunga wembe mpya kwenye pindo la leso,
husema "bismillahi" kama anayemkemea mtu,
na kutoka.
Kwa, kwa, kwa.
Nikihesabu hatua mpaka mivinje imeze sauti.
Sikuwahi kufika mia tatu.

Nusu ya wanaomkimbia, vitovu vyao kakata yeye.
Chengo alitanguliza miguu, usiku wa mvua;
mamake hasimulii hayo mbele za watu.

Sijawaambia.
Mtu humnyang'anyaje mwenzake hofu aliyokua nayo?

Juzi umeme ulikatika.
Binti wa Kadzo, ng'ambo ya njia, akaanza kulia kilio kile.
Mimi si mkunga. Najua kuchemsha maji tu,
na kushika mkono.
Ndara sikuziona gizani. Mguu wangu
ukaipata mitalawanda wenyewe.

Katikati ya mivinje, taa moja ikaja, ikayumba, ikasimama.
Nikaitambua ile honi yake mbovu.
"Chengo!" nikaita. "Chengo, ni mimi!"

Aligeuza pikipiki papo hapo.
Sijapata kuona mtu akigeuza vile.

Nikabaki na vumbi lake kinywani,
msuruaki mmoja umevunjika,
na mtoto wa watu bado analia mbele huko.
Nikavua. Nikaenda pekupeku, na nge wao.