Humo na Hapo

Karatasi ya Temuulen ilinifikia imekunjwa mara nne,
inanuka moshi wa samadi na mafuta ya kondoo.
Barua ya kuomba ufadhili wa masomo, aya tatu,
na katika mstari wa pili, kosa lile lile
ambalo darasa langu zima, hapa Arvaiheer,
limelirithi kwa kaka na dada zao kama makoti:
aliandika kwamba yeye ni hodari *in* hesabu.

Nikafungua kalamu nyekundu.
"Si *in*. Ni *at*.
Waingereza husimama hapo, penye somo,
kama mgeni aliyefika mlangoni na hajavua kofia.
Hodari hapo penye hesabu, hapo penye historia.
Ndani hawaingii."

"Kwa nini?"

Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha, na jibu langu ni moja:
ndivyo wasemavyo wenyewe.
Nililipokea hivyo hivyo, limefungwa, sijawahi kulifungua.

Akatazama jiko. Makaa yalibaki ya kujaa kiganja.

"Mwalimu, msimu ule wa zudi,
theluji ilipoyeyuka ikaganda tena ikawa bati,
mbuzi wakakosa pa kutia mdomo,
baba alinituma zizini kila alfajiri nikahesabu.
Mia tatu na kumi na wawili.
Mia mbili na themanini.
Kisha mia mbili arobaini na mmoja,
na mmoja wao amesimama kwa kuegemea mzoga wa mwenzake,
huyo nilimhesabu nusu.
Nikirudi, baba haniulizi kitu. Anatazama midomo yangu tu.
Sikuwa hapo, mwalimu.
Nilikuwa humo."

Kalamu yangu iliacha nukta nisiyoikusudia.

Ningemwambia nini?
Kwamba mezani pa mtu, katika mji nisioujua,
mtu asiyejua harufu ya zizi
atafika mstari wa pili na kukunja uso?
Nilimwambia hivyo hasa.
Nikafuta, nikaandika juu yake,
herufi mbili kwa herufi mbili,
kama anayelipa deni lisilo lake.

Akanakili upya, ulimi nje, mwandiko umenyooka.
Posta hufungwa saa kumi na moja. Alikimbia.

Rasimu ilibaki kwangu.
Usiku ule baridi ilikuwa ya kuchoma hata daftari la mahudhurio,
lakini ile karatasi sikuitia jikoni.
Imo katika kamusi yangu, na kamusi sasa haifungi vizuri.

Bado wanakosea, kila muhula.
Bado nasahihisha, maana mtihani haujui huruma.
Ila siku hizi, kabla sijafuta,
namuuliza mtoto kwanza:
ulikuwa wapi?