Hisa za Mtungi

Anselmo aliendesha teksi Rosario miaka ishirini na miwili,
nyeusi, paa la njano,
na butini mtungi wa chuma ulilala kama ng'ombe mwenye mimba,
hauachi nafasi hata ya mwavuli.
Abiria wa uwanja wa ndege walinuna,
wakapakata masanduku yao.
"Nauli nafuu mnaitaka," aliwaambia, "basi pakateni."

Kwenye kituo cha gesi wote hushuka, ndiyo sheria.
Nami nilishuka, mke wa dereva,
nikasimama kando katika baridi ya Julai
nikitazama mshale ukipanda:
baa mia mbili, na hakuna baa lililotokea.
Chombo gani hiki, niliwaza,
kinabanwa hivi na hakisemi?

Alipokufa, moyo, siku ya Jumanne,
niliuza teksi na leseni yake.
Fedha ikalala ndani ya godoro
kama ilivyolala ya mama, na ya bibi,
maana benki za kwetu tunazijua:
unapeleka ng'ombe, unarudishiwa kamba.

Dalali, kijana Fermín Tarditti,
akanigeuzia kompyuta: mistari ikipanda na kushuka
kama homa ya mgonjwa.
Akanipa kampuni za simu, za soya, za dawa.
"Nani hutengeneza mitungi?"
Akacheka kidogo. Akatafuta.
Ukurasa wa tatu, kampuni ndogo,
kiwanda chake nje ya Villa María.
"Sinunui kabla sijagonga," nikamwambia,
nikapanda basi.

Mhandisi Irma Zbrun alinivika kofia ya plastiki,
akanionyesha bomba likifinywa mdomo kwa moto
hadi likaota shingo;
na chumba kingine, nyuzi nyeusi
zikizungushwa juu ya kiini chepesi, tabaka juu ya tabaka,
vile nilivyomfunga Anselmo kiuno
mwaka ule mgongo ulipomkataa.
Mwisho, nyuma ya ukuta mnene,
mtungi mmoja kati ya mia mbili
hujazwa maji mpaka upasuke. Makusudi.
"Na hasara hiyo ni ya nani?"
"Ya wenye hisa," alisema Irma,
bila kuniangalia.
Nililipenda jibu hilo kuliko mistari yote ya Fermín.
Nikagonga mmoja kwa pete ya ndoa.
Ulilia muda mrefu.

Hisa elfu mbili na mia tatu.
Nimeziandika katika daftari la marehemu,
chini ya hesabu zake za matairi,
kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Gawio la kwanza liliezeka jiko.
Mwaka wa pili bei ya gesi ikabadilishwa,
magazeti yakaandika betri, betri, betri,
na theluthi ya fedha yangu ikavuja
pasipo harufu.
Fermín akapiga simu: "Doña Nélida, tuuze?"
Nilikuwa namimina maji ya moto juu ya majani ya mate.
Sikumjibu upesi, na hata leo sina hakika.
Huenda betri zikashinda.
Huenda vitukuu wakaicheka mitungi
kama tunavyocheka karabai.
Mimi si mtabiri.
Ninachojua ni kushuka garini na kusubiri.
"Uza nusu," nikasema,
na usiku kucha nikajuta kwa nusu zote mbili.

Leo alfajiri nimekwenda kwenye maegesho ya teksi,
nikamwomba kijana mmoja anifungulie buti.
Alidhani nina mzigo.
Nikainama, nikasoma namba zilizogongwa shingoni:
mwaka, kipimo, alama ya kiwanda.
Chuma kilikuwa baridi.
"Unatafuta nini, mama?"
"Naangalia fedha yangu imelalaje."
Akanitazama, akatazama mtungi,
akaniuliza kama nina mahali pa kwenda.
Sikuwa napo. Nikapanda.

Akawasha mita.