Bondo na Ini

Mwaloni Kirumba, saa kumi na moja alfajiri,
kisu kinaijua njia kuliko mimi:
tumbo la sangara, chini ya pezi, vuta.
Bondo natia ndooni, lina bei ya kutisha,
mnunuzi hulipapasa kama kitambaa cha bibi harusi.
Ini hatulitazami. Tunawarushia korongo.

Miaka tisa hivyo. Kisha Bugando wakaniambia
ndani ya damu yangu amehamia mgeni,
homa ya ini C,
huenda aliingia na chupa ile ya damu
usiku nilipomzaa Nkwimba.
Vidonge wiki kumi na mbili. Nilivimeza na uji,
nikahesabu siku kwa mkaa ukutani.
Siku ya majibu daktari akasema virusi havionekani.
Nilishuka kile kilima karibu nikimbie,
na jioni, Mabatini, nikanywa bia mbili,
baridi, chupa zikitokwa jasho,
nikijipongeza.

Nani alinikataza? Hakuna.
Nilimuuliza nani? Hakuna.

Miezi mitatu baadaye Sista Holo akaweka kalamu chini.
"Minza, mgeni katoka, lakini kaacha kavunja vyombo.
Ini lako lina makovu. Na pombe haisomi cheti."
"Mbona hukuniambia?"
"Mbona hukuniuliza?"
Tukanyamaza wote wawili, feni ikizunguka,
aibu isijue ikae kiti kipi.

Watu husema neno zito hukata maini.
Nilidhani ni usemi tu.

Jumamosi ilikuwa harusi ya mdogo wangu, Nyakato.
Shemeji Lugembe, glasi mkononi, sauti kama spika:
"Si umepona wewe? Au umeokoka?"
Ukumbi ukacheka. Nilitamani kucheka nao.
Na koo lilitaka, nisidanganye, lilitaka sana.
"Nimepona," nikasema, "ndiyo maana,"
nikafungua soda ya tangawizi kwa meno.
Hakunielewa. Akainywa yeye, ile yangu.

Jumatatu kisu kikafika kwenye ini, nikakizuia.
Nikaliinua hadi kwenye mwanga wa balbu:
laini, zima, halina hata mkwaruzo,
likiteleza kiganjani kama kipande cha sabuni.
Korongo akasogea hatua mbili,
kichwa kipara, macho ya mdai wa mkopo.
Subiri, nikamwambia.
Leo utasubiri.