Viti Viwili

Kayaki za mtu mmoja zimekwisha, akasema Mkude,
kijana wa bwawa, filimbi shingoni, kandambili zisizofanana.
Imebaki hii ya njano, ya viti viwili.
Nasra akatazama miti.
Nikajua: mtoto huyu amepanga.

Miaka minne hatujaongea, mimi na Chausiku,
tangu kiwanja cha Chanika, hatua ishirini kwa thelathini,
mnazi mmoja, na choo alichojenga baba kwa mkono wake.
Salamu zetu alizibeba mjumbe wa shina, zimegongwa muhuri.
Tulipogombana, watu walichukua majembe wakalima:
wakili akalima, dalali akalima,
hata yule mpima ardhi mwenye kofia akapata msimu wake.

Leo Pugu, asubuhi, ukungu haujaamua
uondoke au uwe mti.
Dada mbele kwa kuwa ni mkubwa, mimi nyuma,
makoti ya kuelea yametubana vifua
kama sare za harusi iliyoahirishwa.
Kasia lake likagonga langu. Ko.
Hakuna aliyesema samahani. Ko.
Tukazunguka palepale, mara mbili, mara tatu,
kama kuku wa mdondo,
Mkude ukingoni anakikohoa kicheko.

Ndipo mgongo wake ukaanza kuhesabu.
Si kwa sauti. Niliisoma hesabu begani:

Bega lake likishuka, kasia nalizamisha,
Bega lake kiinuka, nami maji nayavusha,
Kayaki ikanyooka, pasi mmoja kubisha,
Kinywa hakikutamka, mkono ukakumbusha.

Hivi ndivyo tulivyotwanga zamani,
kinu kimoja, michi miwili,
wako ukipanda wangu unashuka,
ukikosea zamu umeumia vidole.

Katikati ya bwawa tukayaacha makasia yadondoshe matone.
Miti pande zote, mingine imesimama kichwa chini.
Ndege iliyotoka uwanjani ikapita chini yetu,
nyeupe, taratibu, kati ya yungiyungi,
haikulowa.
Mdiria akatoboa maji, tundu dogo kama la kifungo,
akatoka na kitu kinachometa.
Mbali, treni ya umeme ikapiga honi kuelekea Morogoro,
kisha kimya, kile cha nyumba ambayo wote wamelala
isipokuwa wawili wanaojifanya wamelala.

Ushungi wake ulikuwa umeteleza.
Mvi zimeota upande mmoja tu, nyuma ya sikio,
mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona kwenye kioo.
Ningemwambia.
Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu Gongo la Mboto,
la kwanza, la pili, na lile la kumalizia.
Yeye akatangulia:
"Mwamvua, maji yameingia kwenye kiatu changu."

Nikamwambia, "Vua."
Akavua. Akamimina bwawa ndani ya bwawa,
akakipitisha kiatu juu ya bega bila kugeuka.
Nikakipokea, nikakiweka mapajani,
kizito, kinanuka matope, kisigino kimeliwa upande
kama visigino vyote vya ukoo wetu,
nikakaa nacho njia nzima ya kurudi.

Kuhusu kiwanja hatukusema.
Jua lilishakuwa kali, mabega yanawaka,
mara moja tu tulikwama kwenye matete
na yeye akasema "Nyuma," nami nikarudi nyuma,
jambo ambalo mahakama ya ardhi haikuliweza.

Nasra alikuwa amesimama ukingoni,
anajipepea kwa kifuniko cha kapu la chakula.
Sikumuuliza kapu lile alilichukua lini:
leo alfajiri, akiweka mihogo na chachandu,
au miaka minne iliyopita,
akalificha nyuma ya mlango
tupu,
akasubiri.