Wakati Ujao

Wesli alikuja kwangu Jumanne na Alhamisi,
akipanda ngazi za Kadutu mbili mbili kama mtu anayedaiwa,
na kila aliyepishana naye alionyeshwa meno yote.
Mama Nsimire, muuza sambaza, aliniuliza:
"Yule anacheka na nani? Tumejuana lini?"
Nikasema, labda kwao tabasamu ni kofia,
mtu huivua akipita, kisha huivaa tena.

Aliweka saa juu ya meza kabla ya daftari.
Aliniita Cirhuza, jina kavu, siku ya kwanza,
mimi ambaye hata mke wangu huniita Baba Asifiwe.
Salamu zilimchosha: za nyumbani, za watoto,
za usiku, za mvua, za mguu wa jirani.
"Tunaanza saa ngapi?" akauliza.
Nikamwambia tulishaanza, tuko katikati.

Ngeli alitaka azichore kwa mishale.
Lakini -ta- aliipenda kama mtoto anavyopenda filimbi:
nitajifunza, nitajenga, tutatengeneza, nitarudi.
Penye -li- alipita upesi, kama penye kizuizi cha askari.
Nilimsimulia nani alivuka Ruzizi usiku, na mwaka gani,
na nani hakuvuka.
Macho yalimjaa maji, kweli yalijaa,
kisha akafungua ukurasa mpya:
"Sasa tufanye nini?"
Sisi husema tutaona, maana yake hapana.
Yeye alisema tutaona, maana yake kesho saa mbili.

Siku moja tope lilimwangusha mlangoni pangu.
Nikasema: pole.
Akasema: "Si kosa lako."
Nikamweleza, pole si kukiri kosa,
ni kushika upande mmoja wa mzigo
hata kama mzigo hausogei.
Akaandika: pole, yaani samahani.
Nikafuta. Akaandika tena, kwa wino.

Novemba mlima ulishuka.
Ulichukua jiko langu
na shangazi M'Cishugi aliyelala humo.
Watu walikuja wakakaa.
Viti vya plastiki vya parokia, chai, kimya,
mtu akisema pole, akikaa tena.
Wesli alikuja na beleshi.
Hakusalimu. Alianza kuchimba nyuma ya ukuta.
"Mwambieni akae," dada yangu akasema,
"marehemu tumeshamtoa, anatafuta nini tena?"
Nikaenda, nikamwambia. Akaitika kwa kichwa, akachimba.
Kila tulipoanza kulia tulilisikia lile beleshi,
kra, kra,
na sitaficha, nilimchukia kidogo.
Giza lilipoingia viganja vilikuwa vimechubuka,
na alisimama kando ya viti vyetu
kama mgeni aliyesahau kwa nini alialikwa.

Aliondoka Machi. Nitarudi, alisema.
Hakurudi. Sisemi alidanganya:
neno lile lilipotoka lilikuwa kweli,
kama andazi lilivyo la moto linapotoka.

Juzi ujumbe ukaja kutoka Ayova.
Baba yake amefariki shambani,
mahindi bado yamesimama.
Nikampigia.
"Pole, Wesli."
Nikangoja aniambie si kosa langu.
Nikasikia mbwa, mlango, pumzi.
"Nitakuwa sawa," akasema.
Wakati ujao, hata hapo.

Sikumsahihisha, wala sikukata.
Nilikaa kwenye simu kama kwenye kiti cha plastiki,
salio likiyeyuka,
Asifiwe akinitazama kama mwendawazimu.
Dakika ngapi, sijui. Saa ilikuwa yake.

"Uko?" akauliza.
"Niko."
Neno lisilo na jana wala kesho ndani,
sikuwahi kumfundisha, nilidhani analijua.

Nje mvua ilikuwa imeanza.
Nyuma ya ukuta niliyasikia maji
yakiutafuta ule mfereji wake,
yakiupata.