Mali Isiyohamishika

Mthamini alikuja na fomu, na Kiswahili cha Kitgum.
Bibi yangu Naikoba alikuwa na Kisoga tu.
Katikati nikasimama mimi, miaka kumi na mitatu,
niliyeokota Kiswahili kambini Jinja
baba alipokuwa bado na magwanda.

Juu ya karatasi palisomeka: Mali Isiyohamishika.
Nikamfafanulia bibi: vitu visivyoweza kwenda popote.
Akacheka hadi akapaliwa.
"Basi mwambie aanze na mto."

Mto hakuuandika.
Aliandika mifenesi mikubwa, mitatu.
Mibuni sitini na minne, mmoja umetobolewa na wadudu, nusu bei.
Mutuba, mmoja. Akauliza, huo ni mti gani?
Nikasema: ndio unaotupa nguo ya kuzikiwa.
Akaandika: Mti Mwingineo.
Choo cha shimo, kipo.
Jiko la udongo, halithaminiki.

Makaburi mangapi?

Bibi akaanza kukunja vidole.
Tibenkana wa kwanza. Tibenkana wa pili.
Nakisige, na mke mwenzake, ambao hata humo ndani
wamepeana migongo.
Mugoya aliyechukuliwa kwenda Burma,
ingawa pale ni jiwe tu, mwenyewe hakurudi.
"Jiwe hatulipi," akasema mthamini.
"Mwambie amelala chini yake," akasema bibi, "kwa ukaidi."
Nikamwambia. Akaandika.
Jumla: kumi na moja.

Nami nilijua ni kumi na mbili.
Nyuma ya jiko, penye mgomba usiokatwa,
ardhi ilibonyea kidogo, kama shavu la anayetaka kucheka.
Hapo hatukumwaga maji ya moto,
hatukuegemeza jembe.
Nikamtazama bibi. Bibi akatazama kuku.
Nikasema kwa Kiswahili fasaha: kumi na moja.
Huo ndio uongo wangu wa kwanza
kupigwa muhuri wa serikali.

Usiku, akichambua kunde, nilimwuliza.
"Alikaa siku mbili. Hakuwahi kupewa jina.
Wakija na masanduku yao,
watamwita nani atoke?"

Masanduku yalikuja Agosti, ya mbao laini, yenye namba.
Padri upande huu, upande ule mzee wa ukoo na pombe ya wimbi,
kila mmoja akijifanya hamwoni mwenziwe.
Lori likapita barabara ya vumbi na mifupa yetu,
la saba na la nane yakabadilishana vibandiko,
na mpaka leo tunamsalimia babu
kwa jina la shemeji yake.

Mahali papya pana bati, pana saruji,
pana nyaya zinazopita juu ya vichwa vyetu
bila kuteremka.
Majirani hulalamikia mvumo wake.
Bibi hutoa kiti nje, akausikiliza.
"Yale maporomoko," husema,
"yamehamia angani. Sauti ndiyo hiyo hiyo."

Mwaka jana aliniomba nimpeleke.
Tulishuka kwenye pikipiki panapoishia njia,
njia yenyewe ikaendelea bila sisi, ikaingia majini
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Bwawa lilikuwa limetulia, kijani, halina habari na mtu.
Nikatafuta mfenesi wa kupimia. Hakuna.
Bibi hakuhitaji mfenesi.
Alinyoosha mkono, akaurudisha kushoto kidogo,
hapo, akasema, hapo hapo,
akavua viatu.

Kisha akaita jina.
Si kwa kupaza sauti: kama unavyomwita mtoto
aliye chumba cha pili, chakula kiko tayari.
Miaka ishirini na minane alikuwa nalo
akilitafutia mahali pa kulitua.

Vijana wawili waliokuwa wakisafisha nyavu waligeuka.
Mmoja, mgeni, akaniuliza kwa Kiswahili:
mama huyu anasemaje?

Nikasema sijui.
Uongo wangu wa pili, huu hauna muhuri.
Maji yakaja hadi kwenye vidole vyake vya miguu,
yakarudi.