Safu ya Tisa

Saa mbili asubuhi. Chumba cha kuoshea, nyuma ya Ngome.
Bakuli lina siku arubaini na moja ndani ya beseni;
kila siku nalibadilishia maji
ili chumvi iliyolinywea chini ya mkondo
itoke taratibu, lisije likapasuka kwa pupa ya kukauka.

Vipande saba. Cha nane hakijaonekana.
Buluu yake bado kali kama nili ya kufulia.

Padri fulani aliliagiza kwa mchuuzi wa Kireno,
mchuuzi akaliagiza Makao
(kwetu makao ni nyumba;
kwao ilikuwa bandari, chumba cha kupanga
kwenye kizingiti cha mfalme asiyekaribisha),
na Makao wakaagiza bara, mji wa matanuri,
na huko kijana akapewa karatasi:
chora hivi.

A hakuijua. Aliona ngazi yenye kipandio kimoja,
akaisimamisha kichwa chini, miguu juu,
maana karatasi yenyewe aliishika hivyo.
E akaizidishia meno, ikawa kitana.
Na katikati ya sala ya watu, bila kuombwa,
akatia kaa wa mtoni,
mguu mmoja umepinda.

Bi Rukiya Msellem, mkuu wa chumba hiki, amesema:
jaza daftari, safu ya tisa, KASORO.
Kalamu ikanigomea.

Babangu, Shekuwe, alikuwa mchora vibao Mji wa Kale.
Mwaka ule wa Wajerumani wengi
mwenye duka la vinyago alimpa kikaratasi,
naye akakihamishia ubaoni kwa rangi nyekundu,
siku mbili, ncha ya ulimi nje,
kila herufi akiitazama kama mtu anayemdai.
Wageni wakaja. Wakasoma. Wakashikana mabega kwa kicheko,
wakakipiga picha, wakaingia, wakanunua.
Jioni alirudi na ratili mbili za sukari na ujira uliokatwa,
akauliza, "Kwani niliandika nini?"
Nyumba nzima hapana aliyejua.
Mamangu akaufungua mfuko, akachovya kidole:
"Uliandika hii."

Padri sidhani alipata kulitia uji.
Pengine hata hakuwahi kuliona; meli ililala chini
na bakuli likalala nayo, limefungwa katika majani makavu
kama yai la mtu aliye safarini.
Kijana wa tanuri sijui alilipwa nini.
Sijui kama yule kaa alimkatia mshahara
au kama msimamizi, kama mimi,
alimgeuza geuza mwangani, akanyamaza.

Safu ya tisa nimeiruka. Kesho nitaulizwa.

Nimemwaga maji ya leo; lakini kabla ya kuyamwaga
nimechovya kidole, jambo lililokatazwa ukutani kwa herufi kubwa,
nikaonja.

Bado.